Nilipougua, kikosi kikalala: niliyojifunza nikiongoza skauti kwa kujitolea

Nilikaa kitandani wiki tano. Wiki ya kwanza vijana walifika kwenye mkutano wakakuta stoo imefungwa, na ufunguo uko nyumbani, ndani ya mfuko wa suruali yangu. Wakacheza mpira nusu saa, wakaondoka. Wiki ya pili walikuja tisa. Wiki ya tatu wanne. Niliporudi, kikosi cha vijana 31 kilikuwa kimebaki jina, sanduku la kamba na bendera iliyokunjwa ovyo.

Wazazi walinipa pole kwa ugonjwa, kisha karibu kila mmoja akaongeza: "Unaona? Bila wewe hakuna kitu." Nilifurahi sana kuambiwa hivyo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwa nimelitia maji miaka mitatu bila kujijua. Ilipita miezi kadhaa kabla sijaielewa sentensi ile vizuri. Walidhani wananisifu, kumbe walikuwa wananisomea mashtaka.

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye ameombwa kushika kikosi na hajui anaingia wapi. Mimi niliingia hivi. Nilimpeleka mwanangu kujiunga, nikawa nabaki kumsubiri, nikaanza kubeba viti. Aliyekuwa kiongozi alikuwa anahama. Siku moja akaniuliza, "Unaweza kutushikia miezi miwili tu, mpaka apatikane mtu?" Huyo mtu hajapatikana, na mwaka huu natimiza mwaka wa sita.

Kosa langu la kwanza nililifanya hapohapo: nilisema ndiyo bila kuuliza chochote. Nilikabidhiwa shada la funguo, ambazo mbili kati yake mpaka leo sijui zinafungua nini, na daftari lililochanwa kurasa. Sikuwa na orodha ya vijana wala namba za wazazi wao. Sikujua mahema ni ya kikosi au yameazimwa. Sikujua fedha ziko kwa nani. Baada ya miezi minne alikuja mzee mmoja kuchukua mahema mawili, akisema ni yake, na yalikuwa yake kweli, wiki moja kabla ya kambi.

Kwa hiyo, kabla hujapokea, kaa na anayeondoka mara mbili, si mara moja. Mara ya kwanza atakueleza mazuri; ya pili ndiyo atakumbuka madeni. Hesabuni vifaa mkiwa pamoja, mwandike, mtie saini. Uliza nani anakutambua kama kiongozi, kwa barua gani, na kamishna wako, yaani msimamizi wa skauti wa eneo lenu, ni nani. Nilidhani mambo ya barua na usajili ni urasimu wa watu wasiopenda kukaa porini. Nilipohitaji kibali cha kupeleka vijana kambini nikagundua kwamba kwa miezi saba nilikuwa mtu wa kawaida tu, nimejivika skafu, nazunguka na watoto wa watu.

Jambo jingine ni kwamba sikuwahi kuwa skauti. Ahadi ya skauti niliisoma usiku kabla ya kuwafundisha vijana. Mafundo nilijifunza kwa kutazama video huku nikifunga kamba kwenye mguu wa meza. Mkutano wangu wa tatu nilisimama mbele yao kuonyesha fundo la kuunganisha kamba mbili, lile la kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Mimi nilirudia kulia mara zote mbili. Ukifanya hivyo unapata kitu kinachofanana na fundo, lakini kikivutwa kwa nguvu kinateleza. Binti mmoja wa miaka kumi na moja akainua mkono: "Kiongozi, hilo litafunguka." Akaja mbele, akalivuta, likafunguka. Wenzake wakacheka.

Nilitabasamu, lakini niliumia. Wiki iliyofuata nilijiandaa mara mbili zaidi ili nisiaibike tena. Leo nikiikumbuka siku ile najiona mjinga kuliko ninavyojiona kwa lile fundo. Mtoto alijua, alikuwa na ujasiri wa kusema, na wenzake walikuwa wanamsikiliza. Kilichohitajika kilikuwa sentensi moja tu: "Haya, tufundishe wewe." Badala yake nilimrudisha mstarini, na wiki kwa wiki nikaendelea kujifanya mwalimu, fundi, mpishi, mhazini, katibu na dereva.

Mkutano wetu ulikuwa wa saa mbili, na kuna kipindi niliandika muda wangu kwa wiki nne mfululizo. Kwa wastani mkutano wa saa mbili ulikuwa unakula saa tisa. Kulikuwa na kupanga michezo, kununua kamba, kujibu ujumbe wa wazazi, kufua bendera, kumpigia simu mwenye uwanja, kusafisha baadaye. Ukijumlisha hapo kambi mbili kwa mwaka, likizo yangu yote ilikuwa imeisha. Nyumbani walianza kuniita mgeni, kwanza kwa utani. Mwanangu, ambaye kwa ajili yake niliingia huko, aliacha skauti mwaka wa pili. Nilipomuuliza sababu alisema, "Kule wewe ni kiongozi wa kila mtu." Hilo sijalipatia dawa hadi leo. Nikimwona mzazi anataka kuongoza patroli, yaani kikundi kidogo ndani ya kikosi, aliyomo mwanawe, namwomba asimamie nyingine.

Fedha nazo nizieleze, ingawa zinanitia aibu. Sikuiba. Nilifanya kitu ambacho kwa mtazamaji kinafanana na wizi: nilichanganya. Michango ya vijana niliiweka pamoja na hela zangu. Kikosi kikihitaji kitu nilinunua, nikisahau risiti nikanyamaza, na kwa kuwa nilikuwa najua nimetoa zaidi ya nilichopokea, dhamiri yangu ilikuwa safi. Kisha mzazi mmoja akauliza kwa upole, mbele ya wenzake, kambi iligharimu kiasi gani na ilibaki ngapi. Sikuwa na jibu. Nikaanza kueleza jinsi ninavyojitolea. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwizi, na niliona nyuso zikibadilika.

Nilikwenda nyumbani nimekasirika, nikimwita yule mzazi kila jina. Kumbe alinifanyia hisani. Tangu siku hiyo fedha za kikosi hazilali kwangu. Kuna mhazini, ambaye ni mzazi, na malipo yoyote yanahitaji watu wawili kukubali. Baada ya kila kambi hesabu inasomwa hata kama hakuna aliyeuliza. Na ukitoa hela yako ya mfukoni, iandike. Hata kama hutaki kurudishiwa, andika kwamba ni mchango wako. Usipoandika, kiongozi atakayekufuata atadhani kikosi kinajiendesha kwa michango midogo ile, naye ataumia kama ulivyoumia.

Lipo jambo zito kuliko fedha. Mwaka wangu wa kwanza, mzazi mmoja alikuwa na desturi ya kuchelewa kumchukua kijana wake. Wengine wote walikuwa wameondoka, giza linaingia, nikawa nakaa naye peke yetu stoo, au nampeleka kwao kwa gari. Niliona ni wema tu. Kamishna aliyetutembelea alipolisikia alinivuta pembeni. Hakunituhumu. Aliniuliza tu, "Siku kijana huyu akisema neno, nani atakuwa shahidi wako? Na siku mtu mwingine mwenye nia mbaya akishika nafasi yako, desturi hii uliyoizoesha itamlinda nani?"

Swali la pili ndilo lililonikata. Nilikuwa nawazoesha vijana na wazazi kwamba mtu mzima kukaa peke yake na mtoto mahali pasipoonekana ni jambo la kawaida, mradi ni mtu mzuri. Shirika la skauti la dunia lina sera ya kuwakinga vijana na madhara, na chama chako bila shaka kina kanuni zake. Zisome kabla ya kusoma mafundo. Kwetu sasa ni hivi: watu wazima wawili kila mkutano, kila safari, bila ubaguzi, mazungumzo ya faragha yafanyike mahali tunapoonekana hata kama hatusikiki, watu wazima hawalali hema moja na vijana, hakuna kumwandikia kijana ujumbe wa pembeni, kila kitu kinapita kwenye kundi ambalo mzazi yumo. Mtu wa pili asipofika, mkutano unaahirishwa. Nimeahirisha mara tatu. Mara zote tatu nililaumiwa, na mara zote nilinyamaza.

Basi, ndipo nikaugua, na kikosi kikalala kama nilivyosema.

Nilipopona nilikuwa na mawazo mawili: kujiuzulu, au kurudi na kufanya kazi maradufu. Kamishna akanipa la tatu, mafunzo ya viongozi, ambayo nilikuwa nayakwepa kwa kisingizio cha shughuli. Nenda mafunzoni mapema. Mimi nilikwenda baada ya miaka mitatu, sawa na mtu anayesoma maelekezo ya mashine ikiwa imeshaungua.

Kilichonigusa huko hakikuwa somo jipya. Ilikuwa hadithi ambayo kila skauti anaijua, ambayo hata mimi nilikuwa naisimulia kila mwaka. Agosti 1907, Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alikusanya wavulana kama 20 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, akawagawa katika patroli nne: Fahali, Mbwa Mwitu, Kunguru na patroli ya ndege wa pwani. Kila patroli ikawa na kiongozi wake, mvulana mwenzao. Nilikuwa naisimulia kwa ajili ya majina ya wanyama, maana watoto wanayapenda. Mwezeshaji akatuuliza: huyu ni jenerali wa jeshi, ana wavulana 20 tu, angeweza kabisa kuwaamrisha mwenyewe mmoja mmoja. Kwa nini hakufanya hivyo?

Nilikaa kimya. Jenerali alikuwa ameona haja ya wasaidizi wanne kwa wavulana 20, na mimi karani wa ofisini nilikuwa najibebea 31 peke yangu.

Na mafunzo yenyewe yaliendeshwa kwa mtindo uleule. Sisi watu wazima tuligawanywa patroli, na kiongozi wa patroli yangu alikuwa kijana niliyemzidi umri karibu mara mbili. Siku ya pili aliniagiza kuchota maji. Nilichota. Niligundua kwamba nikiwa sina cha kuamua, nafanya kazi kwa moyo mwepesi, na pia kwamba kiongozi mzuri ni yule aliyenieleza kinachotakiwa kisha akageuka kwenda kufanya mengine.

Tulianza upya na vijana 17, patroli tatu: mbili za sita, moja ya watano. Nikaharibu tena. Niliwateua viongozi wa patroli mwenyewe, nikawachagua watiifu, wale wasionisumbua. Utiifu kwangu haukuwapa heshima yoyote kwa wenzao. Ndani ya miezi miwili viongozi wangu watatu walikuwa wanakuja kunishtakia wenzao kama viranja, nami nikawa hakimu. Nilipowaachia patroli zichague zenyewe, matokeo yalinishangaza. Mmoja aliyechaguliwa alikuwa mtundu niliyekuwa namtenga kwenye michezo. Mwingine alikuwa yule binti wa fundo, aliyekuwa ametimiza miaka kumi na nne. Yeye kumbe hakuacha kuja hata wiki zile nilipokuwa kitandani. Alikuwa mmoja wa wale wanne.

Viongozi wa patroli wanakaa na mimi kila wiki mbili, dakika arobaini, katika Baraza la Heshima. Ukilianzisha kwako, jihadhari na mdomo wako. Vikao vya mwanzo nilikuwa naongea robo tatu ya muda. Nikamwomba msaidizi wangu ahesabu mara ninazoongea, na aibu ya hesabu ile ndiyo iliyonitibu. Siku hizi nikiulizwa kitu nahesabu moyoni hadi kumi kabla ya kujibu, na mara nyingi mtu mwingine anajibu nikiwa kwenye saba. Wanapanga programu, wanaamua nani yuko tayari kuapishwa, wanazungumzia nidhamu. Kwenye nidhamu, ajabu, kazi yangu kubwa ni kuwapunguzia ukali. Vijana wakipewa kiti cha hakimu huhukumu kama hawatakuja kukosea wao.

Kambi ya kwanza chini ya mpango wao ilikuwa mateso kwangu. Patroli moja ilisahau vigingi vya hema. Nyingine ilitandika hema kwenye mteremko, mahali ambapo mtu yeyote mwenye macho angeona maji yatapita. Mimi niliona. Mdomo uliniwasha. Nikamuuliza kiongozi wao, "Mmetazama ardhi inainamia wapi?" Akasema ndiyo, Kiongozi, tumetazama. Nikaondoka, nikaenda kukaa na msaidizi wangu, ambaye alinishika mkono kabisa. Usiku ilinyesha. Saa nane wakahama na mablanketi yaliyolowa kwenda kujibana na wenzao. Asubuhi chakula kikaungua, kwa sababu wapishi hawakuwa wamelala. Hakuna aliyeugua. Na sijawahi tena, sijawahi, kumkuta kijana wa patroli ile akipiga hema kabla hajazunguka eneo lote.

Lakini nisieleweke vibaya. Kuwaachia si kuwatelekeza, na niliwahi kuchanganya hayo mawili. Katika matembezi ya mwaka huohuo niliziacha patroli zitangulie na ramani zao. Nikawa najipongeza moyoni kwa uongozi wangu wa kisasa, mpaka tulipofika mwisho, nikahesabu, mmoja hayupo. Dakika ishirini na tano zilipita kabla hatujampata. Alikuwa amekaa chini njiani anafunga kidole kilichochubuka, na patroli yake ilidhani yuko na patroli ya nyuma. Alikuwa mzima, hata hakuwa na hofu. Mimi mikono ilitetemeka hadi jioni. Nikawapigia wazazi wake usiku uleule kuwaeleza, kabla hawajasikia kwa kijana. Baba yake alikasirika, na alikuwa na haki.

Toka hapo tuna mstari ulioandikwa, nao ni mfupi. Maji, moto mkubwa, visu na shoka, kupanda juu, dawa, barabara na hesabu ya vichwa: hayo ni ya watu wazima, hayajadiliwi. Hesabu inafanyika kwenye kila kituo, kila njia panda, na mtu mzima mmoja anatembea mwisho kabisa. Njaa, kulowa, kuchelewa, kuboreka, kugombana nani aoshe sufuria: hayo ni yao. Ukiniuliza nikupe kitu kimoja tu cha kunakili kutoka kwetu, nakili karatasi hiyo, uiandike na wasaidizi wako kabla ya safari. Ukiwa porini, umechoka, kila kitu kinaonekana ama hatari au si hatari kabisa.

Bado ilibaki kupata watu wazima wenzangu. Miaka mitatu nilikuwa natangaza kwenye kundi la wazazi: "Tunaomba yeyote mwenye nafasi atusaidie." Majibu yalikuwa vidole gumba. Nikaamini kwamba wazazi wa siku hizi hawajali. Kisha nikabadilisha maneno. Nilimfuata mama mmoja ambaye ni muuguzi, ana kwa ana, nikamwambia, "Naomba ukague sanduku letu la huduma ya kwanza mara nne kwa mwaka. Basi." Akakubali papo hapo. Aliyesema hana muda kabisa alikubali kubeba mahema kwa gari lake mara mbili kwa mwaka. Mhazini nilimwomba mwaka mmoja, si zaidi, na mwaka ulipoisha nilimwambia kweli yuko huru. Akaongeza mwingine. Mtu anaogopa kazi isiyo na mwisho, na wote walikuwa wananitazama mimi niliyeombwa miezi miwili.

Mmoja nilimpoteza kwa ujinga wangu. Mama mwingine alijitolea kuipanga stoo. Alishinda humo siku nzima, akaandika vibandiko, kila kamba mahali pake. Wiki iliyofuata nilihamisha vitu nivirudishe nilivyozoea. Sikusema neno, nilihamisha tu. Hakurudi. Nilimwomba radhi baadaye, akapokea, lakini hakurudi.

Mwezi uliopita nilipata dharura ya kazini siku ya mkutano. Nilimtumia msaidizi ujumbe, akajibu "sawa". Nikakaa ofisini nikiitazama simu. Saa moja ikapita, mbili zikapita. Hakuna aliyepiga kuuliza ufunguo uko wapi, kwa sababu funguo siku hizi ziko tatu na wangu ndio usiotumika sana. Jioni nikashindwa kuvumilia, nikapiga mimi. Binti wa fundo ndiye aliyepokea simu ya msaidizi, nyuma yake nasikia kelele na filimbi.

"Mmefanya nini leo?" nikauliza.

"Mambo mengi, Kiongozi. Ila tunakunja bendera sasa hivi, nikupigie baadaye?"

Nikasema sawa. Niseme ukweli, iliniuma kidogo. Hajapiga mpaka leo.